Mtambo wa Umeme wa Kipevu

Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa bara, pana mahali paitwapo Kipevu, karibu na bandari ambamo meli huteremsha mafuta. Hapo ilijengwa mitambo ya kufanya umeme kwa mafuta. Mmoja ulianza kazi mwaka 1999. Mwingine, wenye nguvu ya megawati 120, ulifunguliwa mwaka 2011.

Kenya hupata umeme pia kwa maji ya mto Tana, lakini mvua zikikosa, mabwawa hupunguka. Mwaka 2000 ukame ulikuwa mkali hata watu wakagawiwa umeme kwa zamu. Injini ya mafuta haingoji mvua, na hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Injini hizo huitwa dizeli, kwa jina la Rudolf Diesel, Mjerumani ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Ndani ya injini mna silinda, na ndani ya silinda mna pistoni ipandayo na kushuka. Pistoni ipandapo huibana hewa, nayo hewa hupata moto, kama pampu ya baiskeli ipatavyo joto mtu ajazapo gurudumu. Joto likipita digrii 500, mafuta hunyunyizwa ndani, nayo huwaka yenyewe pasipo cheche. Nguvu ya moto huisukuma pistoni chini. Pistoni huzungusha mhimili, na mhimili huzungusha jenereta itoayo umeme.

Lakini mafuta ya mitambo mikubwa namna hii si mepesi kama mafuta ya taa. Ni meusi na mazito, karibu kama lami, hata hayana budi kutiwa joto kupita maji yachemkayo kabla ya kunyunyizwa. Tena yana salfa ndani yake. Yaunguapo hutoa masizi na hewa kali ziwashazo macho na kubana kifua. Mwenye pumu huumia kuliko wengine. Mashapo ya mafuta yakimwagwa ovyo huua samaki na mikoko. Na mngurumo wa injini huwanyima usingizi watu wakaao karibu.

Basi, je, watu wachague taa na kuacha pumzi, au wachague pumzi na kukaa gizani? Sheria imewekwa ili wasilazimike kuchagua hivyo. Mwaka 1999 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kutunza mazingira. Kwa sheria hiyo, atakaye kujenga mtambo wa namna hii hana budi kwanza kuchunguza madhara yake yote na kuyaandika. Habari hutangazwa gazetini, ili watu wa mahali pale wapate kusema maoni yao. Ndipo Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira hupima neno hilo, na kutoa kibali au kukikataa. Hata baada ya kujengwa, mtambo hukaguliwa, na aliyeharibu huweza kuamriwa kutengeneza alichoharibu.

Mafundi nao wana njia zao. Dohani hujengwa ndefu, ili moshi utawanyike juu, mbali na nyumba. Matangi huzungushiwa kuta, ili mafuta yakivuja yasifike baharini. Maji machafu hutengwa na mafuta kabla ya kumwagwa. Injini huwekwa katika majumba yazuiayo kelele.

Mwaka 2010 Katiba ya Kenya ilitamka kwamba kila mtu ana haki ya kupata mazingira safi yenye afya. Kwa hiyo mtoto akaaye karibu na dohani ana haki sawa na mtoto asomaye mbali kwa taa ya mtambo ule. Lakini haki hiyo hulindwa vizuri zaidi kabla ya jengo kusimama, maana wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.