Shule ya mtaani kwako iko chini ya nani hasa?

Wadau, leo tuongelee jambo ambalo wengi tunalijua kijuujuu tu.

Chukulia unakaa Kariakoo, mdogo wako yuko kidato cha pili shule ya kata, na tangu mwaka uanze hana mwalimu wa hesabu. Mama anakutuma ukaulize. Unakwenda wapi? Wizarani? Kwa diwani? Ukikosea mlango utazungushwa mpaka mtihani ufike.

Tuanzie nyuma kidogo. Mwaka 1972 serikali ya Mwalimu Nyerere ilifuta serikali za mitaa. Mpango uliitwa Madaraka Mikoani, lakini kwa vitendo madaraka yaliishia kwa maofisa wa serikali kuu waliopelekwa huko mikoani, sio kwa wananchi. Halmashauri za miji zilirudishwa 1978, na za wilaya zikaanza upya 1984 kwa sheria za 1982. Shule za msingi zikawa kazi yao. Sekondari zilibaki wizarani mpaka kuelekea 2009, wakati shule za kata zimeshaota kila kona ya nchi. Kusimamia zote hizo kutoka ofisi moja isingewezekana.

Sasa mgawanyo uko hivi:

- Wizara ya Elimu ina sera, mitaala, mitihani ya taifa na wathibiti ubora (wale tuliozoea kuwaita wakaguzi).
- TAMISEMI na halmashauri zina uendeshaji: madarasa, madawati, kupanga walimu. Kwa Kariakoo ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo mpaka Februari 2021 ilikuwa Manispaa ya Ilala.
- Shuleni kwenyewe kuna kamati ya shule kwa msingi, na bodi ya shule kwa sekondari.

Kwenye karatasi inapendeza. Utata unaanzia kwenye walimu na pesa. Halmashauri inalaumiwa darasa likikosa mwalimu, lakini ajira mpya zinatoka serikali kuu na mishahara inatoka Hazina. Na elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Sehemu ikawa inatumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, halmashauri ikapitwa juu kwa juu. Yaani kazi imeshushwa chini, ila mfuko umebaki juu.

Mtu atasema, basi wapeni halmashauri kila kitu. Polepole! Jiji hili lina maduka ya Kariakoo yanayolipa ushuru wa huduma. Kakonko kule Kigoma hawana Mtaa wa Kongo. Kila halmashauri ikijilipia walimu wake, mtoto wa Kakonko ndio basi tena. Marekani, ambako majimbo na wilaya za elimu ndio wenye shule, sehemu kubwa ya pesa hutokana na kodi ya majengo, kwa hiyo penye nyumba za bei mbaya mara nyingi shule nazo zina hela. Machi 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kuanza kuifunga wizara ya elimu ya taifa ili mambo yarudi majimboni, ingawa kuifuta kabisa kunahitaji Bunge lao. Jirani zetu Kenya walipoanza kaunti 2013 walikwenda kwa tahadhari: kaunti zikapewa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, walimu wa msingi na sekondari wakabaki serikali kuu.

Kwa maoni yangu pesa ya walimu ibaki ya taifa, kwa ajili ya usawa. Ila kila shule ibandike ukutani ina wanafunzi wangapi, walimu wangapi na somo gani halina mtu. Bila hizo hesabu mzazi hana cha kudai, na wakubwa wataendelea kurushiana mpira.

Turudi kwa mdogo wako. Anza kwa mkuu wa shule, kisha Afisa Elimu Kata, halafu Afisa Elimu Sekondari wa Jiji. Mkurugenzi anaweza kuhamisha mwalimu kutoka shule yenye ziada ndani ya halmashauri hiyo hiyo, kwa hiyo hapo una hoja. Mwambie na diwani, maana anakaa kwenye baraza linalombana mkurugenzi. Kama Jiji zima halina mwalimu wa somo hilo, ndipo suala ni la TAMISEMI, na mbunge ana kazi ya kuuliza. Wizarani nenda kama tatizo ni mtaala au mtihani.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Shule ya kwenu kuna somo lisilo na mwalimu? Na mlipouliza, mlijibiwa nini?