Sifuri Moja Isiiponze Nyumba

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu unazihusu mno jamaa za askari wa Uganda. Mara nyingi baba yu kazini mbali, kama wale waliopelekwa Somalia kuanzia mwaka 2007, na mama ndiye aliyeachiwa nyumba, watoto na makaratasi.

Askari wengi hudhani kwamba mambo ya kodi hayawahusu. Dhana hiyo ni nusu ya ukweli. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda imeusamehe mshahara wa kazi wa askari wa jeshi, wa polisi na wa magereza. Lakini msamaha huo hauvuki mshahara. Pango la vyumba, faida ya duka na ujira wa mke aliyeajiriwa ni mapato mengine, nayo yana hesabu yake.

Tuchukue mfano. Koplo mmoja amejenga vyumba viwili vya kupangisha. Kila chumba huleta shilingi 100,000 kwa mwezi, yaani shilingi 2,400,000 kwa mwaka kwa vyumba vyote. Kwa kanuni ya mwaka 2022, mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya pango linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Kwa hiyo koplo huyu hadaiwi kitu. Lakini aliyejaza fomu akiteleza, akaandika 24,000,000, kumbukumbu zitaonyesha deni la shilingi 2,541,600. Sifuri moja tu! Tena deni lisipolipwa huongezwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, ambayo hapa ni shilingi 50,832 kila mwezi.

Je, mama afanyeje? Kwanza asifiche barua wala asingoje mumewe arudi likizo. Achukue daftari la wapangaji na stakabadhi, alinganishe na fomu iliyopelekwa Mamlaka ya Mapato, atafute mahali tarakimu zilipoachana. Ikiwa kosa ni la nyumbani, fomu irekebishwe na kupelekwa upya pamoja na ushahidi. Ikiwa nyumba imeandikwa kwa jina la mume, aulize ofisini mapema ni hati gani ya idhini inayotakiwa.

Ikiwa kosa limo katika makadirio yaliyotolewa na ofisi yenyewe, kwa mfano mshahara wa mume umechanganywa na pango, njia ni pingamizi la maandishi. Hapo siku zahesabiwa. Pingamizi lipelekwe ndani ya siku 45 tangu kupokea uamuzi, likitaja kosa ni lipi na tarakimu sahihi ni ipi. Kamishna ana siku 90 za kutoa jibu. Asiyeridhika na jibu hilo ana siku 30 za kupeleka shauri mbele ya Baraza la Rufani za Kodi. Maneno ya mdomo dirishani, hata yakiwa ya haki, hayahesabiwi kuwa pingamizi.

Mke aliyeajiriwa naye aitazame hati yake ya mshahara kila mwezi. Mwajiri akipeleka tarakimu isiyo ya kweli, aombwe kwa barua airekebishe, na nakala ya barua hiyo ihifadhiwe.

Jambo la mwisho ni sanduku la makaratasi. Sheria yataka kumbukumbu za kodi zitunzwe kwa miaka 5. Jamaa za askari huhama kambi hata kambi, na katika kuhama vyombo hupakiwa kwanza, karatasi hutupwa. Ndugu wasomaji, tupange kinyume. Kitanda kilichovunjika hutengenezwa kingine, lakini stakabadhi iliyopotea haina seremala. Baba anapofunga mkoba wake wa safari, na amwonyeshe mama mahali daftari lilipo, wakae pamoja jioni moja walisome, ili barua ikija asiyekuwapo asihitajiwe kujibu.