Bando Lisilo na Kikomo Lina Kikomo

Hapa Kiandutu sisi wanafunzi wanne tulichanga pesa tukanunua bando la mwezi lililotangazwa kuwa halina kikomo, ili tupakue karatasi za marudio ya KCSE. Wiki ya pili mambo yakakwama, na bando lenyewe halijaisha! Muuza laini akatuonyesha maandishi madogo: ukifikisha gigabaiti 30, kasi hupunguzwa hadi kilobiti 512 kwa sekunde. Eti hayo ndiyo matumizi ya haki. Haki ya nani?

Hebu tupige hesabu. Baiti moja ni biti 8, kwa hivyo kilobiti 512 ni kilobaiti 64 tu. Faili ya megabaiti 30, ambayo kwa kasi ya megabiti 10 huingia kwa sekunde 24, sasa itachukua karibu dakika 8. Video ndiyo usiseme.

Ni kweli mnara mmoja hutumiwa na watu wengi. Lakini Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji. Basi kabla ya kulipa, uliza: kasi inapunguzwa baada ya gigabaiti ngapi, na inabaki ngapi? Sisi siku hizi tunapakua karatasi kwanza, mpira baadaye.