Saa ya Mfukoni Yenye Alama ya Mshale

Askari aliyepata saa ya mfukoni ya zamani, iwe kwa urithi au mnadani, asiharakishe kuitia ufunguo, kwani mafuta yaliyokauka ndani huacha vyuma vikilana. Aigeuze kwanza asome mgongo wake. Akikuta herufi G.S.T.P., namba, na mshale mfupi mfano wa unyayo wa kuku, basi ajue kuwa saa hiyo ilikuwa mali ya serikali ya Uingereza, ikatolewa kwa majeshi yake katika Vita Kuu ya Pili vya 1939 hadi 1945. Nyingi zilitengenezwa Uswisi.

Lakini jambo zito liko usoni. Ili saa isomeke gizani, tarakimu na mishale ya nyingi kati ya hizo ilipakwa rangi yenye radiamu. Leo rangi hiyo haing'ai, na mwenye saa hudhani sumu imekwisha. Sivyo. Kilichochakaa ni ule unga utoao mwanga. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Huko New Jersey, Marekani, wasichana waliopaka rangi hiyo walichonga ncha za brashi kwa midomo yao. Katika miaka ya 1920 mataya yao yalioza, na kadhaa wakafa.

Kwa hiyo kioo kisibanduliwe, wala uso usikwanguliwe kwa kisu. Fundi aambiwe habari ya radiamu kabla hajaifungua. Nayo saa ikae kabatini, mbali na watoto, wala si katika mfuko wa shati mchana kutwa.