Shamba la urithi lisilo na karatasi: sheria inasemaje?

Wasikilizaji wengi huuliza jambo hili moja kwa namna tofauti. Shamba limetoka kwa babu, likaja kwa baba, sasa linalimwa na mtoto. Mipaka ni minyaa au masale, mashahidi ni majirani na wazee, na karatasi hakuna. Je, shamba hilo ni la huyo anayelilima, au ameazimwa tu na serikali mpaka atakapokuja mwenye hati?

Kwa Tanzania Bara jibu ni kwamba ni lake, na haki yake ina hadhi sawa na ya mwenye hati ya mjini. Lakini jibu hilo halikuja kwa urahisi. Ni vizuri kujua lilipotoka, maana anayejua historia yake hatishwi ovyo na mtu mwenye ramani mkononi.

Tuanze na Mwingereza. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyoitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya Gavana. Mwaka 1928 sheria hiyo ikarekebishwa, ikatambua kwamba mwenyeji anayetumia ardhi kwa mila za kwao naye ana haki ya kuikalia. Haki hiyo haikuandikwa popote; ilichukuliwa tu kuwa ipo. Baada ya Uhuru, mamlaka aliyokuwa nayo Gavana yakahamia kwa Rais, na mpaka leo ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Watu vijijini waliendelea kugawiana, kurithishana na kuamuliana kama zamani.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini. Nia ilikuwa shule, maji na zahanati, na sehemu nyingi huduma hizo zilifika kweli. Lakini mashamba ya watu waliohamishwa yaligawiwa wengine, na walioyagawa hawakuwa na sheria iliyofuta haki za wenyewe. Kilichotumika kilikuwa amri tu. Mzee aliyeondolewa alibaki anaona shamba lake kwa mbali likilimwa na mwingine, na kichwani mwake lilikuwa bado lake.

Miaka kumi hivi baadaye wazee hao walianza kwenda mahakamani, na baadhi walishinda. Serikali iliingiwa na hofu: kama kila aliyehamishwa atadai, vijiji vitavunjika. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria namba 22, iliyofuta haki zote za kimila zilizokuwapo kabla ya Operesheni katika vijiji vilivyoanzishwa, ikazuia fidia, na ikafunga mlango wa mahakama hata kwa kesi zilizokwisha kufunguliwa.

Hapo ndipo tunapomkuta Lohay Akonaay na mwanawe, wa kijiji cha Kambi ya Simba, Mbulumbulu, wakati huo wilaya ya Mbulu. Familia hiyo ilikuwa na ekari 20 kwa mila tangu 1943. Waliondolewa wakati wa Operesheni, wakashitaki mwaka 1987, wakashinda na kurudishiwa shamba. Rufaa ilikuwa bado inasubiri kusikilizwa sheria ya 1992 ilipotoka, nayo ikataka kuwanyang'anya kwa mara ya pili. Wakaipinga kwa kutumia Katiba.

Upande wa serikali ulidai kwamba haki ya kimila si mali. Mtu anaruhusiwa tu kutumia ardhi, na ardhi tupu haina thamani, basi fidia ya nini? Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa hukumu yake mwishoni mwa 1994 na kukataa hoja hiyo. Ilisema haki ya kimila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Ilisema pia kwamba fidia haihesabu nyumba na miti peke yake, kwa kuwa jasho la aliyefyeka pori na kulima limeiongezea ardhi thamani. Tena ikaonya kwamba haki ya kimila isipokuwa mali, karibu wananchi wote wa nchi hii watakuwa maskwota kwao wenyewe. Vipengele vilivyozuia fidia na kufunga milango ya mahakama vikatamkwa kuwa batili.

Sisi tunaona uamuzi huo ulikuwa wa kihafidhina kwa maana nzuri ya neno hilo. Mahakama haikubuni haki mpya. Ilikuta kitu ambacho watu walikuwa wakikiishi kwa vizazi, ikakataa kifutwe kwa haraka ya wapangaji wa mipango. Sheria nzuri ya ardhi huanza kwa kuuliza nani yuko hapa, tangu lini, na majirani wanasemaje.

Hoja hiyo lakini inakata pande mbili, na hapo ndipo ugumu ulipo. Yule aliyegawiwa shamba mwaka 1974 hakuiba. Alipewa na serikali yake. Kufikia 1994 alikuwa amelilima miaka 20 na amezika watoto pale. Naye ana historia. Ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999, iliyoanza kutumika 1 Mei 2001, ilithibitisha kwa jumla ugawaji uliofanyika kati ya 1970 na 1977. Kuna familia zinazohesabu jambo hilo kuwa dhuluma hadi leo, na hatuwezi kuwalaumu.

Na si kila mila inastahili kulindwa kama ilivyo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, katika kesi ya ardhi ya ukoo kutoka Uhayani, iliamua kwamba mwanamke aliyerithi shamba anaweza kuliuza sawa na mwanamume. Sheria ya 1999 ikafuata njia hiyo: mila inatumika, ila ile inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya ardhi ni batili. Ukoo unaomwambia mjane arudi kwao na kuacha shamba hauna sheria nyuma yake.

Sasa, kwa aliye na shamba lisilo na karatasi. Sheria inampa nguvu aliyekalia ardhi ya kijiji kwa mila, kwa amani, kwa uwazi na bila kukatizwa kwa miaka 12 au zaidi. Anaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa halmashauri ya kijiji, na jina lake likaingia kwenye daftari. Mume na mke waandikwe wote wawili; wengi husahau hili.

Halmashauri haina ruhusa ya kugawa ardhi bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea. Ikitokea ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 inatakiwa kuhamishwa iwe ya matumizi mengine ya serikali au mwekezaji, mkutano huo ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupokea maoni ya kijiji.

Mgogoro ukitokea, anza baraza la ardhi la kijiji. Baraza la kata nalo, tangu marekebisho ya 2021, linasuluhisha tu. Wanaoshindwa kupatana huenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Nenda na mashahidi wanaoujua mpaka, hasa wazee waliokuwapo miti ilipopandwa. Na maneno yao yaandikwe mapema, wakiwa bado na nguvu za kuyasema.