Hukumu ya Kuuza Injini Kuukuu kwa Sharti la "Chukua Ilivyo"

Katika mialo ya Mwanza wavuvi huuziana injini za boti zilizokwishatumika. Muuzaji husema: "Chukua ilivyo, hakuna kurudisha." Je, sharti hilo linamtoa katika dhima?

Kuuza kitu kilichotumika ni halali; kuficha kasoro unayoijua ni haramu. Amepokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta umaji ndani, akamkemea mwenyewe kwa kutouweka juu watu wauone.

Ama sharti lenyewe, Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) ameeleza katika Minhaj, kwa madhehebu ya Shafi, kuwa linamwokoa muuzaji kwa kasoro ya ndani ya mnyama tu, tena asiyoijua. Injini si mnyama. Hivyo mnunuzi anayo khiyari ya kuirudisha kwa kasoro ya kabla ya kuuziana ambayo hakuijua. Lakini asikawie: akiiona kasoro kisha akaendelea kuitumia, haki yake huanguka.

Basi ndugu muuzaji, utaje ufa kabla ya kupokea fedha. Injini ikizimika ziwani wakati wa dhoruba, kinachopotea si mali tu, bali roho ya mwenzako.

Wallahu a'lam.