Hamsini na Saba: Safari Iliyomo Kwenye Kaunta Buku

Kurasa mbili za katikati ya kaunta buku lile zimejaa kona za barabara moja ya mlimani. Ya kwanza iko chini kabisa, karibu na neno Chimala. Ya hamsini na saba iko juu kwenye pembe ya karatasi, palipoandikwa MATAMBA kwa herufi kubwa. Kila kona ina namba yake. Zenye wino mwekundu ni zile ambazo magari mawili hayapishani, lazima mmoja arudi nyuma. Zenye wino wa bluu ndizo ambazo ukisimama na kugeuka unaliona bonde zima la Usangu chini yako. Nyingine zina penseli tupu. Hizo, aliniambia mwenye daftari, bado hajapata mtu wa kumweleza zikoje.

Yeye mwenyewe hajawahi kuipanda barabara hiyo.

Nilimkuta Uyole, pembezoni mwa jiji la Mbeya, nilikokwenda kufuatilia habari za bei ya viazi. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya duka la vipuri, daftari mapajani, akimhoji dereva mmoja wa Makete kuhusu kona ya kumi na tisa: je, upande wa mteremko kuna kingo, au ni majani tu? Swali lilinishangaza. Nikaahirisha viazi, nikaamkia, nikaomba kukaa.

Ni dereva mstaafu wa semi. Kwa zaidi ya miaka thelathini alivuta mizigo kutoka bandarini Dar es Salaam hadi Tunduma, na mara nyingine akavuka mpaka kwenda Zambia na Kongo. Ameomba nisimtaje jina, kwa kuwa hata watoto wake hawajui kilichomo kwenye daftari hilo.

“Chimala nimepita mchana, nimepita usiku,” alisema. “Nikishaiacha Igawa, mkono wa kushoto naanza kuuona ule mlima. Usiku naona taa za gari zinapanda, zinapotea, zinatokea tena juu zaidi. Najiuliza, huyu anakwenda wapi saa hizi? Lakini mzigo una saa zake, mwanangu. Tajiri anapiga simu: umefika wapi? Nami nakanyaga mafuta.”

Barabara aliyokuwa akiitazama ndiyo inayoitwa Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Inaanzia Chimala, kilomita 78 kabla ya kufika Mbeya ukitokea Dar es Salaam, inaukwea ukingo wa mlima hadi Matamba, na kutoka hapo unaingia uwanda wa Kitulo. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ukawa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 412.9, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kutengwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Watafiti wamehesabu humo aina 45 za okidi. Viazi vya okidi hizo vilikuwa vikichimbwa na kuvushwa Zambia, wanakotengeneza chikanda, na uchimbaji huo ni moja ya sababu zilizofanya uwanda ulindwe.

Hayo yote ameyaandika, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kujaza hati za mizigo. Ameandika pia kwamba kilele cha Mtorwi kina mita 2,961, moja zaidi ya Mlima Rungwe. Mita hiyo moja ameipigia mstari mara mbili.

Kinachomtesa ni mwezi.

Maua ya Kitulo hushamiri kuanzia Desemba hadi Aprili, na hiyo ndiyo miezi ya mvua. Kuanzia Septemba hadi Novemba kuna jua, miguu inatembea vizuri, ila uwanda bado haujavaa. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu. Kwa hiyo anayetaka maua anayataka wakati udongo wa mlima umelowa, na daftari linaonyesha jinsi alivyohangaika. Februari imeandikwa, imefutwa. Machi imeandikwa, imefutwa, pembeni pana neno moja: utelezi. Novemba ina alama ya kuuliza. Desemba, wiki ya kwanza, imezungushiwa duara.

“Mvua za mwanzo zinakuwa zimeyaamsha maua, lakini njia haijachakaa sana,” alieleza. “Kupanda si kazi. Kazi ni kushuka. Mlima unaushuka kwa gia uliyoupandia. Ukitegemea breki peke yake, zinashika moto, ukija kuzihitaji hazipo. Mlima wa Kitonga umetufundisha hilo, na wengine hawakupata nafasi ya kujifunza mara ya pili.”

Nilimuuliza kwa nini asipite njia nyingine. Kitulo kunafikika kwa kupandia Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, na kunafikika pia kupitia Njombe na Makete. Alinitazama kwa upole. Njia hizo anazijua, zimo kwenye daftari, kila moja na kilomita zake. Ila mlima alioutamani miaka yote ni ule wa Chimala.

Kisha akanionyesha jambo ambalo limenikaa kichwani hadi leo. Barabara ya kona za namna ile hubadilisha upande wa mandhari kila inapokata. Ukipanda kipande cha kwanza bonde liko kulia, ukimaliza kona liko kushoto, kona inayofuata linarudi kulia. Abiria aliyekaa dirisha moja ataliona bonde nusu ya safari, na nusu iliyobaki atatazama ukuta wa mlima. Kwa hiyo amechora viti. Mama watoto atakaa dirisha la kulia, yeye la kushoto.

“Likiwa upande wake atanisimulia. Likija kwangu namsimulia. Tukifika Matamba kila mtu ameona yote.”

Mtu aliyepanga safari kwa namna hiyo, kwangu mimi, ameshaifanyia kazi kuliko wengi tunaosafiri kweli. Tunapanda basi, tunateremsha pazia, tunaamka Mafinga. Safari zetu nyingi ni za msiba, harusi na Krismasi, na kote huko tunakwenda mbio kwa sababu tunasubiriwa. Sijui ni nani aliyetuzoesha kwamba barabara ni kitu cha kumaliza.

Daftari halikuishia Hamsini na Saba. Ukurasa wa Mikumi unasema ni kilomita 50 ndani ya hifadhi, mwendo usizidi 70, pita asubuhi. Ukurasa wa Ruaha Mbuyuni una vitunguu na vivuli vya mibuyu. Upo ukurasa wa Isimila, karibu na mji wa Iringa, zilipopatikana zana za mawe za watu wa kale. Ameupita mchepuko wake miaka yote bila kukata kona. Upo wa Daraja la Mungu, mwamba uliotokana na volkano na kulala juu ya Mto Kiwira. Upo wa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, pamoja na vyungu vya akina mama wa Kikisi. Karibu kila ukurasa una neno hilohilo limeandikwa pembeni: simama.

Nikamuuliza, katika miaka yote ile, alikuwa akisimama wapi. Akahesabu kwa vidole: mizani, trafiki, pancha, mgahawa, mpakani. “Kitonga pale juu, ukitazama nyuma, kuna mahali pazuri kuliko picha. Nani atasimamisha semi pale? Utawekewa foleni nyuma yako hadi mtoni.”

Ana haki ya kulalamika. Tumejenga vituo vya ukaguzi kwenye barabara zetu, lakini sehemu za msafiri wa kawaida kuegesha gari kwa usalama, akatoka na familia yake kutazama nchi, ni chache mno. Kwenye milima kama Kitonga, upana wa magari mawili tu ungetosha. Wanaopanua barabara hizo wakumbuke hilo michoro ikiwa bado mezani.

Mbona basi hajaenda? Hilo nililiuliza mwishoni, na sikupata jibu lililonyooka. Kwanza alisema nauli si tatizo. Halafu akasema mama watoto ana hofu ya urefu. Kisha, akifunga daftari, akasema hospitali wamemgundua na presha ya macho, na leseni ameiweka kabatini. Anaona vizuri mbele, pembeni kunafifia. Daktari amempa dawa ya matone ya kulinda uoni uliobaki, kwani uliopotea haurudi.

Kama ni macho yanayomkimbiza kuandika, au kama kuandika kumekuwa njia ya kuahirisha, sikuweza kujua, na sikuona sawa kumbana. Nilipoaga alikuwa amemrudia yule dereva wa Makete, na kona ya ishirini na tatu.

Kwako msomaji. Kama nyumbani kwenu kuna dereva, awe wa basi, wa lori au wa daladala, mwulize ni wapi alipita akatamani kusimama. Mwulize mapema, macho na magoti yakiwa bado na nguvu. Akishataja mahali, mtafutieni siku, mkatieni tiketi ya dirishani, na safari hiyo aendeshe mtu mwingine.